Mshahara Humlisha Nani? Kumbukumbu ya Mombasa





Juma lililopita baraza la parokia lilikutana kama ilivyo desturi yetu. Ajenda ya nne ilikuwa fupi: barua ya mlinzi wetu wa usiku, akiomba aongezewe mshahara. Tulidhani jambo hilo litamalizika kwa dakika tano. Lilituchukua saa moja na nusu. Mweka hazina alifungua daftari lake akatusomea sadaka za miezi sita, na hakuna aliyeweza kusema kwamba fedha zimejaa. Mwingine akakumbusha kwamba tukimwongezea mlinzi, mpishi na mfagiaji nao watabisha hodi kesho yake. Kisha mzee mmoja, mtu mwema ambaye hakosi Misa ya asubuhi, akasema maneno yaliyoonekana kumaliza mjadala: "Mlinzi wetu ana shamba kwao bara, na mkewe analima. Hapa mjini anaishi peke yake. Mahitaji yake ni machache."

Wengi wetu tuliitikia kwa vichwa. Hatuna budi kukiri kwamba nasi tuliitikia.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo akauliza kwa sauti ya chini: "Na wale watoto wake, nao wanaishi peke yao?"

Kikao kilinyamaza. Tuliahirisha jambo lile hadi kikao kijacho. Lakini usiku ule maneno "anaishi peke yake" hayakutuacha, kwa sababu tulijua kwamba tuliwahi kukutana nayo mahali pengine. Yamo katika historia ya mji huu wetu wa Mombasa. Yalisemwa na watu wenye madaraka kwa miaka mingi, yaliingizwa katika hesabu za serikali, na maelfu ya wafanyakazi waliweka kazi chini kwa sababu yake. Kwa hiyo juma hili, kabla hatujarudi kikaoni, tumeona vema tukumbushane historia hiyo.

Maneno matatu

Tuanze na lugha yetu yenyewe, maana lugha hutunza mambo ambayo watu husahau. Tunalo neno kibarua. Asili yake ni barua ndogo. Katika karne ya 19, hapa pwani na Unguja, mtu aliyekodiwa kwa siku, mara nyingi akiwa mtumwa aliyeruhusiwa na bwana wake kutafuta kazi, alipewa kipande cha karatasi cha kuthibitisha kazi aliyoifanya. Karatasi ile ikampa jina mtu mwenyewe. Jua lilipotua, deni la tajiri kwake lilikwisha. Kesho hakuwa na dai lolote.

Tunalo pia neno mshahara, lililotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi. Mwenye mshahara anahesabiwa kwa mwezi: anaweza kupanga chumba, kukopa dukani na kumwahidi mtoto karo. Na tunalo neno posho. Hapo zamani lilikuwa unga au chakula cha siku apewacho mpagazi au mfanyakazi ili aweze kuamka kesho akafanye kazi tena. Leo tunalitumia kwa fedha za nyongeza.

Kibarua, posho, mshahara: siku, tumbo, mwezi. Mjadala wote wa kima cha chini cha mshahara hapa Mombasa unaweza kuelezwa kwa maneno hayo matatu.

Mji wa ghali

Mombasa ni kisiwa, na ardhi ya kisiwa haiongezeki. Reli ilipoanza kujengwa kutoka hapa mwaka 1896, na baadaye gati za Kilindini zilipopanuliwa, watu walimiminika kutoka kila upande: Wamijikenda kutoka vijiji vya karibu, Wakamba, Waluo, Waluhya, Wakikuyu na Wataita kutoka mbali zaidi. Kazi ilikuwapo, lakini mahali pa kulala palikuwa haba. Mtu alipanga chumba katika nyumba za Majengo, akakigawana na wenzake, na bado kodi ikala sehemu kubwa ya kipato chake. Mfanyakazi wa mjini alinunua kila kitu kwa fedha: unga, kuni, mafuta ya taa, hata maji. Aliyebaki kijijini angalau alikuwa na kisima na kichaka.

Mwishoni mwa Julai 1939, wafanyakazi wa Idara ya Kazi za Umma waligoma. Dai lao kubwa lilikuwa posho ya nyumba. Mgomo ukaenea katika kampuni na idara nyingine, na mwanzoni mwa Agosti ukawafikia makuli wa bandarini. Serikali ya kikoloni iliunda tume ya uchunguzi chini ya H. C. Willan. Tume hiyo haikuweza kukwepa jambo lililokuwa wazi kwa kila mpangaji wa Majengo, kwamba kodi za nyumba na mishahara havikuwa vikilingana.

Mwezi uliofuata Vita Kuu ya Pili vilianza. Bandari ilijaa meli na askari, bidhaa zikaadimika na bei zikapanda. Mwaka 1942 wafanyakazi wa reli waligoma, na 1943 nchi ikakumbwa na upungufu mkubwa wa chakula. Mwaka 1945 kamati nyingine, chini ya Arthur Phillips, ilichunguza chanzo cha msukosuko wa wafanyakazi wa Mombasa. Kwa kifupi, serikali ilikuwa na habari zote. Ripoti zilikuwapo mezani. Kilichokosekana ni uamuzi.

Hesabu ya mseja

Wapendwa, hapa ndipo tunapokutana na maneno ya kikao chetu.

Kima cha chini kilipokuwa kikihesabiwa katika Kenya ya wakati huo, wakuu waliorodhesha mahitaji ya mtu mmoja: chakula chake, nguo zake, kuni na taa yake, sabuni yake, na kodi. Mfanyakazi wa Kiafrika alihesabiwa kuwa mseja. Kama alikuwa na mke na watoto, hao walidhaniwa kuwa kijijini, wakila kutoka shambani. Mji ulimwita mwanamume peke yake, ukamlipa peke yake, na alipozeeka au kuugua ukamrudisha kwao.

Sisi mapadre tu waseja kwa kuchagua. Wale walifanywa waseja kwa hesabu.

Tusiwaonee wakuu wale kwa kudhani kwamba hawakuwa na hoja. Walikuwa nazo, na nyingine tunazisikia hata leo. Walisema kwamba mtu wa bara huja mjini kutafuta kiasi fulani tu, cha mahari au cha kodi, na ukimlipa zaidi atafanya kazi siku chache zaidi kisha aende zake. Walisema kwamba bandari ina siku za meli nyingi na siku za ukiwa, hivyo hailazimiki kuwalipa watu wa kukaa bure. Walisema kwamba mishahara ikipanda Mombasa, bei zitapanda Kenya nzima. Hoja ya kwanza ilikuwa na ukweli kidogo kwa baadhi ya vibarua wenye mashamba ya karibu, walioweza kufanya kazi siku chache kwa mwezi na kurudi nyumbani. Lakini kwa yule aliyetoka mbali, ambaye shamba la kwao lilikuwa limekwisha kugawanywa mara mbili au tatu, haikuwa na ukweli wowote.

Tena hoja ile ilificha jambo moja. Kama mshahara wa mjini haukutosha familia, na familia bado iliishi, basi kulikuwa na mtu mwingine aliyelipa tofauti. Huyo alikuwa mwanamke aliyebaki kijijini na jembe lake. Alilima, akalea, akauguza wazee, akampokea mume aliyerudi na kikohozi cha vumbi la gati. Unafuu wa kazi ya mjini ulilipiwa na jasho la mtu ambaye hakuwamo katika daftari lolote. Mama yule aliyeuliza swali katika kikao chetu alikuwa akimtaja huyo, pengine bila kujua.

Na isidhaniwe kwamba dunia ya wakati ule haikujua namna nyingine ya kuhesabu. Mwaka 1907 huko Australia, Jaji H. B. Higgins aliamua shauri la kiwanda cha Sunshine Harvester. Alipotafuta mshahara wa haki kwa mfanyakazi asiye na ujuzi maalumu, aliihesabu nyumba nzima ya watu wapatao watano, akafikia shilingi 7 kwa siku. Nchi ile nayo ilikuwa chini ya taji la Uingereza. Hivyo chini ya taji moja, mfanyakazi mmoja alihesabiwa na mke na watoto wake, na mwingine alihesabiwa kama tumbo moja.

Kiwanja cha Maskini

Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ilisimama. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi: wa bandari, wa reli, wa hoteli, hata watumishi wa majumbani. Kwa siku kumi na mbili walikutana kila siku katika uwanja wa mpira wa Majengo, ambao wao wenyewe waliuita Kiwanja cha Maskini. Pale walizungumza watu wa makabila na dini mbalimbali, na pale chama chao kikapata nguvu, Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika, ambalo kiongozi wake aliyejulikana zaidi ni Chege Kibachia, kijana msomi kutoka Kiambu aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha nguo hapa mjini. Walidai mishahara inayolingana na gharama za maisha, na malipo sawa kwa kazi sawa bila kujali rangi ya mtu.

Serikali ilileta askari. Lakini aliyemaliza mgomo ni Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, aliyefika Mombasa akawasihi wafanyakazi warudi kazini kwa ahadi kwamba baraza la usuluhishi litasikiliza madai yao. Walimwamini, wakarudi. Baraza hilo liliongozwa na Jaji Ransley Thacker, na kweli lilitoa nyongeza. Miaka michache baadaye jaji huyohuyo ndiye aliyesikiliza kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake kule Kapenguria.

Kibachia hakufaidi sana matunda ya ushindi ule. Agosti 1947 alikamatwa, akapelekwa Kabarnet katika Baringo, akazuiliwa huko miaka kumi. Fedha ilikubaliwa iongezwe kidogo, lakini sauti iliyoidai ilinyamazishwa. Hilo nalo tulikumbuke tunapomtazama mfanyakazi anayethubutu kuandika barua.

Cheche zile hazikuishia Mombasa. Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo wao ukafuata njia ya reli kuingia bara. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Unguja. Bandari tatu za pwani moja, zote katika miaka ya bei kali, ziliuliza swali lilelile.

Hatimaye swali likajibiwa kwa maandishi. Mwaka 1954, katikati ya hali ya hatari iliyotangazwa miaka miwili kabla, kamati ya mishahara ya Waafrika chini ya F. W. Carpenter, Kamishna wa Kazi, ilitoa ripoti yake. Ilikiri kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na watu na kampuni binafsi, na karibu robo ya wale wa serikali na mashirika ya umma, walipata mishahara isiyotosha mahitaji yao ya lazima. Ikapendekeza kuachana na hesabu ya mseja, na kusogea hatua kwa hatua, kwa muda wa miaka kumi, hadi mshahara wa mtu mwenye familia, ambao kamati iliukadiria kuwa mara mbili na nusu ya ule wa mseja. Serikali ilikubali mwelekeo, lakini haikukubali kiasi chote. Hata hivyo neno lilikuwa limekwisha kutamkwa: mfanyakazi ana nyumba.

Machi 1955 makuli wa Mombasa waligoma tena. Safari hii Tom Mboya, aliyekuwa bado kijana, alikuja kuwasemea, na wakapata nyongeza.

Upande wa pili wa daftari

Tungekuwa tunawadanganya, wapendwa, kama tungeishia hapo na kupiga vigelegele. Mweka hazina wetu si mtu mbaya, na hofu zake hazikuzaliwa jana.

Katika miaka hiyohiyo bandari ya Mombasa ilianza kubadili utaratibu wa vibarua. Waliandikishwa, wakatakiwa kufika kazini siku za kutosha kila mwezi, na wasiofika wakafutwa. Waliobaki walipata kazi ya kudumu, na baada ya muda kuli wa Mombasa akawa miongoni mwa wafanyakazi waliolipwa vizuri kuliko wengi nchini. Lakini waliofutwa je? Yule Mmijikenda aliyekuwa akija gatini siku chache kwa mwezi kutafuta fedha ya chumvi na kodi, alikuta lango limefungwa. Mshahara ulipanda kwa walio ndani, na ukuta ukapanda pamoja nao kwa walio nje.

Mambo kama hayo yalionekana kwa jirani zetu pia. Tanganyika ilipandisha kima cha chini mwanzoni mwa miaka ya 1960, na katika mashamba ya mkonge ajira ilipungua sana. Baadaye bei ya mkonge duniani nayo ilianguka, hivyo si haki kuutupia mshahara lawama yote. Lakini si haki pia kusema kwamba mshahara haukuhusika kabisa. Nchini Kenya, mnamo Februari 1964, ukosefu wa kazi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walifanya mapatano ya pande tatu: waajiri binafsi waongeze wafanyakazi kwa asilimia 10, serikali kwa asilimia 15, na vyama visidai nyongeza ya mishahara kwa mwaka mmoja. Watu kwa maelfu walipanga foleni kujiandikisha. Nafuu iliyopatikana haikudumu.

Basi tunajifunza nini? Kwamba anayesema "tukiongeza mshahara wengine watakosa kazi" anaweza kuwa anasema kweli, wala si lazima awe bahili. Lakini tutazame vizuri: hoja hiyo inahusu uwezo wa mwajiri. Haisemi lolote juu ya mahitaji ya mfanyakazi. Kosa la wakuu wa kikoloni halikuwa kusema "hatuna uwezo". Kosa lao lilikuwa kusema "hahitaji". Asiye na uwezo husema hivyo waziwazi, akaonyesha daftari lake, akaahidi atakapoweza. Anayesema "hahitaji" amemfuta mke na watoto wa mwenzake ili hesabu zake zipate kulingana.

Kanisa lilisema nini?

Baba Mtakatifu Leo wa 13 aliandika waraka wa Rerum Novarum mwaka 1891, miaka mitano kabla reli haijaanza kujengwa kutoka Mombasa. Alifundisha kwamba mapatano kati ya mwajiri na mfanyakazi hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki, kwa maana mwenye njaa hukubali chochote. Juu ya mapatano yao ipo haki iliyotangulia: mshahara usipungue kile kinachomwezesha mfanyakazi mwadilifu na mwenye kiasi kuishi. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1931, Pius wa 11 katika Quadragesimo Anno aliitaja familia waziwazi. Na Yohane Paulo wa Pili alilirudia fundisho hilo mwaka 1981 katika Laborem Exercens.

Wengi wetu hatujui kwamba Pius wa 11 aliongeza mambo mengine mawili ya kuzingatiwa: hali ya biashara yenyewe, na manufaa ya wote, ili mishahara isiwe midogo mno wala mikubwa mno kiasi cha kuwanyima wengine kazi. Kwa hiyo mweka hazina wetu naye ana mahali pake katika mafundisho ya Kanisa. Ila mpangilio ni muhimu. Kwanza huhesabiwa mtu na nyumba yake, ndipo huhesabiwa uwezo wa mfuko. Sisi katika kikao chetu tulianza na mfuko, kisha tukamkata mtu ili aenee ndani yake.

Na ni nani asiyekumbuka mfano wa Bwana wetu juu ya wafanyakazi wa shamba la mizabibu? Wale walikuwa vibarua hasa, wamesimama sokoni wakingoja kuitwa, kama walivyosimama makuli langoni Kilindini. Tumezoea kuhubiri kwamba dinari ile ni neema, na ndivyo ilivyo. Lakini dinari moja ilikuwa pia ujira wa kawaida wa siku. Mwenye shamba alijua kwamba hata yule aliyeajiriwa saa ya kumi na moja atarudi jioni kwenye nyumba yenye watu wanaosubiri kula.

Swali la leo

Kenya huru ilirithi utaratibu wa kupanga kima cha chini kulingana na mahali. Kwa amri iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024, mfanyakazi wa ngazi ya chini kabisa, wakiwamo mfagiaji, mtunza bustani, yaya na mtumishi wa nyumbani, katika Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru alistahili zaidi kidogo ya shilingi 16,100 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Katika maeneo yaliyo nje ya miji, kazi hiyohiyo iliwekewa takribani shilingi 8,600. Serikali inakiri hivyo kwamba mji ni ghali. Wengine huuliza kama pengo hilo halikuzidi, kwa sababu sukari na mafuta ya kupikia haviwi nusu bei kijijini. Wengine huuliza kama kiwango cha mjini chenyewe kinatosha kwa mtu mwenye watoto watatu na chumba cha kupanga. Na waajiri wadogo, mama mwenye kibanda cha chakula na fundi mwenye msaidizi mmoja, huuliza wao watazitoa wapi. Maswali yote matatu ni ya kweli. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo yanayostahili, lakini haikutufanyia hesabu. Hesabu tumeachiwa sisi.

Tena tusidhani kwamba jambo hili ni la serikali na matajiri tu. Katika nyumba nyingi za parokia yetu yumo binti anayetulelea watoto ili sisi twende kazini. Tunasema juu yake maneno yaleyale: anakula kwetu, analala kwetu, hana mahitaji. Je, kwao hakuna mama anayesubiri dawa? Hakuna mdogo wake anayesubiri viatu vya shule? Tukimwita mwanetu siku ya sikukuu, basi tumhesabu kama mwana wa mtu siku ya mshahara.

Baraza litakutana tena Jumapili hii baada ya Misa ya pili. Tumeomba jambo moja tu: kwamba mlinzi wetu awepo, aketi nasi mezani, na tuandike pamoja naye kodi yake, nauli yake, unga wake, na kile anachotuma nyumbani. Tukimaliza karatasi hiyo, ndipo mweka hazina atufungulie daftari lake. Huenda tusiweze kutoa yote mwaka huu. Ikiwa hatuwezi, tutamwambia hatuwezi, tutamwambia ni lini tutajaribu tena, na tutamwomba radhi. Lakini hatutasema tena kwamba anaishi peke yake.

Nanyi, wapendwa, mnaolipa na mnaolipwa, fanyeni hesabu hiyo nyumbani kwenu juma hili. Karatasi moja na kalamu vinatosha.

Tumwombe Mtakatifu Yosefu, fundi seremala aliyeilisha Familia Takatifu kwa kazi ya mikono yake, awaombee wafanyakazi wote wa mji huu, na atuombee sisi tunaoshika mifuko, tusiwasahau wale ambao hatuwaoni. Amina.